Vinavyoelea na Vilivyozama: Jinsi Juhudi, Subira na Bahati Zinavyogawana Kazi

Kaa kwenye baraza yoyote ya Malindi baada ya magharibi, utaje kijana ambaye duka lake limefungwa au binti anayeomba ufadhili wa masomo kila mwaka bila kujibiwa. Utasikia mawaidha ya aina mbili, na mara nyingi yatatoka kwa mzee mmoja. Kwanza atasema subira yavuta heri, mvumilivu hula mbivu, asikate tamaa. Kahawa ikizunguka mara ya pili, atasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na riziki kama ajali, huitambui ijapo, labda hakuandikiwa. Mawaidha hayo yanapigana, na hakuna anayeyaamulia. Kila moja lina ukweli wake, ila hatuambiwi linafaa lini.

Mkanganyiko unatokana na kuzitia juhudi, subira na bahati kapu moja, kana kwamba moja ikipungua nyingine itaziba. Hazizibani. Kila moja ina kazi yake, na mtu anaweza kuwa na mbili tele akaangushwa na ya tatu. Bahari hii ya Malindi ina visa viwili vikubwa vinavyoonyesha hivyo, kimoja cha miaka 500 na zaidi iliyopita, kingine cha enzi za baba zetu. Nitavifikia. Kwanza hesabu kidogo, maana bila hesabu hatujui juhudi inanunua nini hasa.

Tuseme kuna kitu ambacho kila ukikijaribu una nafasi moja kwa kumi ya kukipata: zabuni ya kaunti, nafasi ya chuo, mnunuzi wa jumla wa kuchukua kamba wako kila wiki. Ukijaribu mara moja, karibu hakika utakosa. Ukijaribu mara 10, nafasi ya kupata angalau mara moja inapanda hadi asilimia 65. Mara 20, asilimia 88. Mwenye kurudia ana haki ya kutumaini, na hapo methali za uvumilivu zimesema kweli. Lakini geuza hesabu hiyohiyo uitazame kwa nyuma. Wakijaribu watu 100 wenye bidii sawa, akili sawa na roho ngumu sawa, kila mmoja mara 20, basi 12 hivi kati yao watatoka mikono mitupu. Hao 12 hawakuwa wavivu, wala hakuna walichokosea. Ukikutana na mmoja wao mtaani ukamuuliza kwa nini hakujikaza, utakuwa umemdhulumu.

Tena hesabu hiyo ina sharti ambalo wahubiri wa bidii hawalitaji: kila jaribio liwe na nafasi yake mpya. Kama kinachokukosesha leo ndicho kilichokukosesha jana, kurudia hakuongezi chochote.

Watega madema wa Mayungu wanalijua sharti hili bila kulipigia hesabu. Dema ni mtego wa fito zilizosukwa, una mlango mpana kwa nje unaozidi kuwa mwembamba kwa ndani, samaki aingie asipate njia ya kutokea. Ndani unatiwa chambo, mwani au konokono waliopondwa, kisha mtego unatuliwa kwa mawe karibu na mwamba na kuwekewa boya, siku hizi aghalabu dumu la plastiki lenye alama ya mwenyewe. Mwenye madema kumi hayazamishi yote mahali pamoja. Akiinua moja akakuta maji matupu, atalirudisha. Akilikuta tupu tena na tena, atabadilisha chambo, au atalibeba alipeleke mwamba mwingine wanakopita tafi. Je, huyo ni mvumilivu au ni mwepesi wa kukata tamaa? Ni vyote viwili, kila kimoja mahali pake: uvuvi anaung'ang'ania maisha yake yote, pango la mwamba analiacha ndani ya wiki. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunabadilisha lengo kila mwaka, leo biashara ya mitumba, kesho kilimo cha tikiti, mwakani siasa, lakini mbinu tunazoingia nazo ni zilezile, na tunazishikilia kama dini.

Sasa methali ya vyombo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Naipenda, na jirani zetu wa Lamu wana haki ya kujivunia, maana kule Matondoni majahazi yangali yakiundwa kwa mkono. Inamnyamazisha anayedhani mafanikio ya mwenzake yalidondoka kama embe. Lakini inahesabu vinavyoelea tu. Vilivyozama navyo viliundwa, pengine na fundi huyohuyo, kwa mbao zilezile na kalafati ileile, na hatuvioni kwa sababu viko chini. Ndiyo maana nawasikiliza kwa sikio moja wale wahamasishaji wanaokodi kumbi za hoteli kueleza jinsi walivyokataa kushindwa. Sisemi wanadanganya. Walikataa kushindwa kweli. Ila ukitaka kujua kama huko kukataa ndiko kulikowafikisha, sharti uwahesabu na waliokataa kushindwa kisha wakauziwa nyumba na benki. Hao hawaalikwi kushika kipaza sauti.

Subira ni jambo jingine kabisa. Juhudi ni kufanya tena. Subira ni kuacha kufanya kwa muda, na huku ukabaki tayari. Watu wa Pwani walifundishwa tofauti hiyo na upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili au Mei huingia kusi, inayopeleka vyombo upande wa pili. Katikati kuna tanga mbili, upepo ukiwa hauna msimamo. Mwenye jahazi hakuwa na la kufanya ila kufuata majira. Angeweza kukaa bandarini miezi akikalafati, akishona matanga, akiuza kidogo kidogo na kuoa pia, na hakuna aliyemwita mvivu.

Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyekuwa akitafuta njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi, alitia nanga Malindi Aprili 1498. Sultani wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani anayeijua njia. Tarehe 24 wakatweka. Kusi ilikuwa ndiyo inaanza kushika, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut, kusini magharibi mwa Bara Hindi: haikutimia hata mwezi. Safari hiyo imo katika vitabu vya shule, na nguzo ya da Gama hapa Malindi inatembelewa na watalii. Ya kurudi haisimuliwi sana. Da Gama alikosana na wenyeji wa Calicut, akaondoka mwishoni mwa Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba akaikata bahari kuja huku kabla kaskazi haijaanza. Mara shwari, mara upepo wa mbele, miezi mitatu mizima. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kikawaingia, fizi zikavimba mpaka kufunika meno, na katika kuvuka huko peke yake wakafa watu wapatao 30. Walipofika Malindi Januari 1499 waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa, lakini kwa wengine machungwa yalikuwa yamechelewa. Muda si mrefu wakaichoma moto merikebu moja, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote.

Nahodha ni yuleyule, bahari ni ileile, na jasho la kurudi lilikuwa zito kuliko la kwenda. Kilichobadilika ni mwezi.

Kwa kumtendea haki, hakuondoka kwa pupa tu. Calicut palikuwa pameshakuwa pa moto kwake. Kusubiri kunahitaji mahali salama pa kusubiria, na yeye hakuwa napo. Jambo hilo tunalisahau kila tunapomhimiza mtu asubiri, kana kwamba subira ni tabia tu ambayo wengine wamezaliwa nayo na wengine wamenyimwa.

Kuna utafiti mmoja, uliochapishwa 2013 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, ambao ningependa kila mzazi aujue. Walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mmoja alipewa vifaa duni vya kuchorea na kuahidiwa kwamba akingoja kidogo ataletewa vizuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu na kuomba radhi: samahani, kumbe havipo. Baadaye kila mtoto akawekewa peremende moja mbele yake, akaambiwa asipoila kwa dakika 15 atapata mbili. Katika watoto 14 waliotimiziwa ahadi, tisa walivumilia mpaka mwisho. Katika 14 waliodanganywa, alivumilia mmoja. Kundi la kwanza lilingoja kwa wastani dakika 12, la pili dakika tatu.

Mtoto wa kundi la pili hakukosa subira. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Sasa mtazame mhudumu wa hoteli ambaye msimu hadi msimu ameahidiwa mshahara uliobaki utalipwa watalii wakija, au familia ambayo imengojea hati ya shamba tangu babu akiwa hai. Ukimwona mtu kama huyo anauza mapema kwa bei ya hasara, au anakataa kuweka pesa kwenye mradi wa miaka mitano, usikimbilie kumsomea subira yavuta heri. Heri aliyoahidiwa mara ya mwisho haikuja.

Bahati nayo watu huizungumza kana kwamba haina kipimo, ya Mungu tu. Iliwahi kupimwa. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza kwenye intaneti nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi yao walichagua nyimbo bila kujua wenzao wamependa nini. Hao ndio waliotumika kupima ubora. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane yaliyotengana, na kila kundi liliona ni nyimbo zipi zinapakuliwa zaidi ndani ya kundi lao. Kama ubora peke yake ndio unaoamua, orodha nane zingefanana. Hazikufanana. Nyimbo bora mno zilianguka mkiani kwa nadra, na mbovu mno zilipanda kileleni kwa nadra, lakini za katikati zilikwenda kokote. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa ubora ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika kundi jingine. Waimbaji ni walewale na rekodi ni ileile. Wasikilizaji wachache wa mwanzo waliegemea upande mmoja, wengine wakafuata.

Nasoma matokeo hayo hivi: kazi nzuri inakutoa mkiani, lakini haikupi ahadi ya kileleni. Wengi wetu tuko katikati, na katikati ndiko bahati inakotamba. Kulikiri hilo si kudharau kazi, wala hakupingani na dini. Mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utawakali, yaani umtegemee Mungu, yanajulikana na kila mtoto wa madrasa, na yana sehemu mbili kwa sababu kamba peke yake haitoshi.

Kisa cha pili kiko Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, ambako majukwaa ya chuma ya Waitaliano yamesimama baharini. Luigi Broglio, profesa wa Roma na afisa wa jeshi la anga, aliyapenda maji haya kwa kuwa yako karibu na ikweta. Hapo dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Tena mashariki ni bahari tupu, mabaki hayamwangukii mtu. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa kutoka hapa satelaiti tisa. Mashuhuri zaidi iliondoka tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu uhuru, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei, miale ya aina ile inayopiga picha za mifupa hospitalini, zinazotoka angani.

Tunalikumbuka jina kwa fahari, lakini kilichotangulia ndicho chenye mafunzo. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazizuia, kwa hiyo kipokezi sharti kipandishwe juu. Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alianza kazi hiyo na wenzake kwa roketi ndogo. Majaribio mawili ya mwanzo hayakuzaa kitu. Katika lile la 1961 roketi ilipaa vizuri, ila milango ya kufunua vipokezi ikakataa kufunguka. Wakarudia Juni 1962. Walichotaka kujua ni kama Mwezi hutoa eksirei unapopigwa na miale ya Jua. Roketi ilikaa kwenye kimo cha kufaa kwa muda usiofika dakika sita. Mwezini hawakupata walichokitafuta. Badala yake vipokezi vilinasa mmiminiko mkali kutoka upande wa kundinyota la Nge, kutoka kwa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo, maana bahati na juhudi zimeshikana hapa kiasi cha kuonekana kitu kimoja. Kwamba kitu chenye kung'aa kiasi kile kipo angani, hakuna aliyekiweka pale kwa bidii. Kingekuwa hafifu mara mia, wangerudi bila habari, na pengine jina la Giacconi lisingejulikana. Hiyo ni bahati safi. Lakini walikuwa wametengeneza vipokezi vyenye hisia kali kuliko vya waliowatangulia, tena vyenye uwanja mpana wa kuonea, na roketi ilikuwa ikijizungusha ikipaa, kwa hiyo vilifagia sehemu kubwa ya anga badala ya kuukodolea Mwezi. Bahati hawakuiumba, ila waliipanulia mlango. Aliyejiandaa kwa jibu moja tu, akalenga pale tu, angepitwa na ugunduzi mkubwa kuliko ule alioutafuta.

Kisha ikaja zamu ya subira. Dakika sita za roketi hazikutosha kuchora ramani ya anga. Pendekezo la satelaiti liliandikwa 1963, na chombo kikarushwa miaka saba baadaye. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 viliwasaidia wanaanga kukubali kwamba mashimo meusi, vitu vyenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, si hesabu za karatasini tu. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002, miaka 40 baada ya ile roketi ya Juni.

Ila kuna jambo katika kisa hiki ambalo ni rahisi kulipita. Roketi mbili za mwanzo zilishindwa, na hakuna aliyefilisika. Zilikuwa ndogo, gharama zilibebwa na serikali tajiri, na kesho yake wahandisi waliendelea kulipwa mshahara. Juhudi ya kurudia mara tatu ilikuwa yao, sawa, lakini uwezo wa kushindwa mara mbili waliupewa.

Rudi sasa kwenye ile hesabu ya mara 20. Nani mwenye uwezo wa kujaribu mara 20? Kila ombi la kazi lina nakala zake, cheti chake cha tabia njema, nauli yake ya Mombasa na siku yake ya kibarua iliyopotea. Mwenye mjomba mjini anajaribu mara ya tisa bila kuhisi. Wa Ngomeni akijaribu mara mbili amemaliza akiba ya mama yake. Mwishoni wa kwanza atapata, na tutasema alikuwa na roho ngumu. Nadhani sehemu kubwa ya tunachokiita uvumilivu ni pesa ya kuvumilia, na ushauri wowote usioanzia hapo ni maneno matamu tu. Swali la maana kwa mtu wa kawaida ni jinsi ya kupunguza bei ya kushindwa mara moja, ili mara ziongezeke: kuanza na madema matatu kabla ya kukopea wavu mkubwa, kuuza vitafunio mezani kabla ya kulipia kodi ya duka.

Chama ndicho chombo ambacho watu wa hapa wamejiundia kwa kazi hiyo. Watu 12 wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea, na pesa ambayo mtu angeikusanya mwaka mzima anaipata kwa mkupuo. Zamu hupangwa kwa kura, na kura haijui majira. Mvuvi akitoka wa sita, pesa inamfikia Juni, kusi imechacha na mashua zimepandishwa mchangani. Itaishia kwenye unga na deni la dukani. Muuza nguo akitoka Novemba, yeye alitaka mtaji wa kabla ya Idi, na mwaka huo Idi imeshapita. Ndiyo maana vyama vingine huruhusu wanachama kubadilishana: mvuvi anachukua Novemba ili mashine itengenezwe na nyavu zinunuliwe kabla ya kaskazi, muuza nguo anachukua mwezi wa Shaabani, na mwenye mtoto anayeingia sekondari anaomba zamu ya kabla ya shule kufunguliwa. Mabadilishano hayo huombwa siku ileile ya kura, kabla ya mchango wa kwanza. Mwezi wako ukishakaribia, hakuna atakayekuachia wake.